Mtafiti Anapobisha Hodi Usharikani

Katika robo hii ya mwaka ofisi yetu imepokea tena maombi ya watu wanaotaka kuwahoji watoto wanaohudumiwa na miradi ya sharika zetu. Baadhi ni wanafunzi wa vyuo vikuu, wengine wametumwa na wafadhili kufanya tathmini. Maswali yao hayahusu tena ada na sare peke yake. Wanataka kujua mtoto anajisikiaje, anaogopa nini, analala vipi tangu mama yake alipofariki. Huo ni utafiti wa saikolojia, nasi ndio tunaoombwa kuufungulia mlango. Kabla ya kujibu, tumeona vema kueleza kisa kimoja cha kweli.

Mwaka 1939, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa nchini Marekani, kulikuwa na makao ya yatima yaliyoanzishwa kwa ajili ya watoto wa askari. Wendell Johnson, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, aliamini kwamba tatizo hilo huletwa na wakubwa wanaomkosoa mtoto kila ulimi unapoteleza. Ili kulipima wazo lake, mwanafunzi wake Mary Tudor alipelekwa kwenye makao hayo. Walichaguliwa watoto 22. Kati yao 10 walikuwa tayari wanahesabiwa kuwa na kigugumizi, na 12 walisema vizuri. Sita kati ya hao 12 waliambiwa kwamba dalili za kigugumizi zimeanza kuonekana kwao, na kwamba ni afadhali wanyamaze kuliko kusema vibaya. Zoezi hilo lilichukua miezi kadhaa. Walezi nao walidanganywa, wakawa wanawasahihisha watoto wakidhani wanawasaidia.

Watoto hao wakaanza kuona haya kusema. Wengine walijibu kwa neno moja moja tu. Tudor mwenyewe alirudi baadaye kujaribu kuwaondolea hofu ile, lakini hakufanikiwa vya kutosha. Matokeo ya kazi yake yalikaa katika maktaba ya chuo zaidi ya miaka 60, hadi gazeti moja la California lilipoyafichua mwaka 2001. Chuo kiliomba radhi mwaka huo huo. Mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000 kumaliza shauri la walalamikaji sita.

Mwaka 2002 wataalamu waliochambua upya takwimu zile walieleza kwamba hakuna mtoto aliyefanywa kuwa na kigugumizi. Wapo wanaolitumia jambo hili kusema kwamba madhara hayakuwapo. Sisi hatukubaliani nao. Mtafiti alikuwa akipima kigugumizi, na kigugumizi hakikutokea. Lakini haya ya kufungua kinywa mbele za watu ilitokea, na baadhi yao walieleza uzeeni kwamba waliishi nayo. Madhara huweza kuangukia mahali ambapo dodoso halikuuliza.

Na kwa nini walichaguliwa yatima? Kwa sababu walikuwa mahali pamoja, na hapakuwa na mzazi wa kuuliza, "Mnamfanyia nini mwanangu?" Ruhusa ilitolewa na wakubwa wa makao. Hapa ndipo kisa cha Davenport kinapotugusa. Mgeni anapofika kijijini ameongozana na mchungaji au mwinjilisti, bibi anayelea wajukuu wanne wanaopata sare kutoka kwenye mradi atawezaje kusema hapana? Atatia dole gumba. Ridhaa ya namna hiyo ni hofu ya kukosa msaada. Ridhaa ya kweli inataka mlezi aelezwe kwa lugha anayoielewa, aambiwe waziwazi kwamba akikataa msaada hautakoma, na mtoto mwenyewe aulizwe pia. Akitaka kuacha katikati ya mahojiano, aachwe aende kucheza.

Liko jambo la pili, ambalo kamati nyingi hulisahau. Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Joan Sieber na Barbara Stanley, waliandika juu ya utafiti wenye uzito wa kijamii, yaani ule ambao matokeo yake huwaangukia hata watu ambao hawakuhojiwa kabisa. Tumeliona hili kwa macho yetu. Miaka ya nyuma, katika mtaa mmoja, gari la watafiti lilisimama kwenye nyumba fulani tu, na kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimeamua nyumba hizo zina ugonjwa gani. Hakuna jina lililotajwa popote. Ni kwa sababu kama hiyo shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia UKIMWI lilishauri kuacha kuwaita watoto "yatima wa UKIMWI". Nasi tukiri: taarifa zetu wenyewe kwa wafadhili zilitumia maneno hayo, tena pamoja na picha.

Hata hivyo, waandishi hao wawili walionya pia kwamba kukwepa maswali magumu si njia ya kukwepa wajibu. Nasi hatusemi milango ifungwe. Bila utafiti tusingejua kwamba mtoto aliyefiwa huhitaji zaidi ya daftari na uji.

Kwa hiyo tunaziomba kamati za sharika zisimpokee mtafiti yeyote kwa maneno matupu. Aonyeshe kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kama utafiti unahusu afya, kibali cha maadili cha taasisi ya NIMR, pamoja na barua ya wilaya. Dodoso lisomwe na kamati kwa Kiswahili kabla ya mtoto yeyote kuitwa. Ulizeni pia nani atakaa na mtoto akianza kulia, na mtafiti atarudi lini kuwaeleza wanakijiji alichokiona. Wafadhili wetu nao tunawaomba watuvumilie taarifa zinapokuja bila majina wala sura za watoto. Nakala za barua za maombi zifikishwe ofisi ya miradi kabla ya kumjibu mgeni.