Kushiriki, Kushirikishwa na Kushirikiana: Istilahi za Vijana katika Ushirikiano wa Nchi Jirani

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu hufanyika mezani, mbele ya kamusi na majalada. Hata hivyo, istilahi haina uhai mpaka ikasikike masikioni mwa mtu ambaye iliundwa kwa ajili yake. Kwa sababu hiyo tuliona yafaa twende Mwankoko, kata mojawapo ya Manispaa ya Singida, tukasikilize jinsi maneno ya sera yanavyopokelewa na vijana wakulima wa alizeti. Tulichukua kijitabu kilichotafsiriwa kutoka lugha ya kigeni, tukakisoma kwa sauti mbele ya mkutano. Sentensi yake ya kwanza ilisema hivi: “Vijana washirikishwe katika ushirikiano wa kikanda na sera za kijamii.”

Kijana mmoja alisimama akauliza: “Ndugu Maofisa, kanda inayosemwa ni hii yetu sisi na Dodoma, au ni nyingine?” Wa pili akasema: “Ikiwa ni kushirikishwa, mbona tumekwisha kushirikishwa? Tuliitwa, tukaandika majina, tukarudi nyumbani.” Kisha dada mmoja akatuuliza: “Mimi nina miaka thelathini na minane, na hapa kwetu wazee bado waniita binti. Je, katika karatasi hiyo mimi ni kijana?” Mzee aliyeongoza mkutano akatugeukia akasema: “Wanangu, wajibuni.”

Hatukuweza kuwajibu wote siku ile. Katika makala haya twajaribu kulipa deni hilo, kwani maswali yale matatu yaligusa kiini cha kazi yetu.

Mzizi mmoja, matawi mengi

Neno shiriki limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuwa na sehemu katika jambo pamoja na mwingine. Katika Kiswahili mzizi huo umezaa ukoo mkubwa. Tuna mshiriki na mshirika. Tuna shirika, ushirika na shirikisho. Hata ushirikina ni wa ukoo huo, kwani asili yake ni kumpa Mwenyezi Mungu washirika. Maneno hayo yote yana historia katika maisha yetu. Mkulima asikiapo ushirika hukumbuka vyama vya ushirika vya mazao, vilivyovunjwa mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Asikiapo shirikisho hukumbuka lengo la mwisho la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mujibu wa Mkataba wake, yaani umoja wa forodha, kisha soko la pamoja, kisha umoja wa fedha, na mwishowe shirikisho la kisiasa.

Tofauti inayotuhusu hapa imo katika minyambuliko mitatu. Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe: amekuja, amesema, amefanya. Kushirikiana ni tendo la pande mbili, kila upande ukimtendea mwenzake. Kushirikisha ni tendo la mwenye uwezo anayempa mwingine sehemu, na kushirikishwa ni hali ya yule anayepewa. Tendo likiwa katika kauli ya kutendwa, mtenda aweza kufichwa. Tukisema “vijana washirikishwe”, hatujasema na nani, lini, wala katika hatua gani. Kumbe yule kijana wa Mwankoko hakukosea sarufi hata kidogo! Aliitwa, akaandika jina, akarudi. Kwa maana ya kauli ile, alishirikishwa. Ila hakushiriki.

Msomaji aweza kudhani kwamba huu ni ubishi wa walimu wa lugha tu. Sivyo. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni, 1967, ikavunjika mwaka 1977. Mkataba wa Jumuiya ya sasa, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba, 1999, unataja katika utangulizi wake sababu za kuvunjika kule. Pamoja na upungufu wa utashi wa kisiasa na mgawanyo wa faida usiokuwa sawa, unataja kwamba sekta binafsi na asasi za kiraia hazikuwa na ushiriki wa nguvu katika shughuli za ushirikiano. Yaani ushirikiano wa serikali ulikuwapo, lakini ushiriki wa watu ulipungua. Lugha inayochanganya mambo hayo mawili yaweza kutufanya tuone tumejenga ilhali tumeweka paa bila nguzo.

Kanda ipi?

Kwa raia wa Tanzania kanda ni fungu la mikoa. Singida imo katika Kanda ya Kati pamoja na Dodoma, na mtu wa huko hulisikia neno hilo katika habari za hali ya hewa, za kilimo na za afya. Wafasiri nao wamelitumia neno hilohilo kwa fungu la nchi, na kutokana nalo wakaunda kikanda. Ndiyo maana swali la kwanza la Mwankoko lilikuwa la haki kabisa.

Dawa yake si kutafuta neno jipya. Yatosha kusema ushirikiano wa nchi za kanda, au bora zaidi kuitaja kanda yenyewe: ushirikiano wa nchi za Afrika Mashariki. Wenzetu wa Zanzibar husema mashirikiano, nasi hatuoni sababu ya kulikataa neno hilo. Mtangamano, litokanalo na kitenzi tangamana, libaki kwa hatua ya juu zaidi, pale ambapo nchi huunganisha masoko na taratibu zao badala ya kusaidiana tu.

Siasa na sera

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba zamani neno siasa lilibeba maana mbili. Azimio la mwaka 1967 liliitwa “Azimio la Arusha na Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea”. Hapo siasa ni mwongozo wa utendaji, yaani kile ambacho leo twakiita sera. Kutenganishwa kwa maneno hayo kumetufaa sana: siasa imebaki kwa mambo ya utawala na ushindani wa vyama, na sera imechukua maana ya msimamo uliokubaliwa wa kuongoza utekelezaji.

Kuhusu sera za kijamii, twapendekeza sera ya jamii. Kiswahili kimekwisha kuchagua njia hiyo katika ustawi wa jamii, hifadhi ya jamii, huduma za jamii na maendeleo ya jamii. Sera ya jamii ndiyo mwavuli. Ustawi hushughulikia wenye shida, hifadhi hukinga watu dhidi ya majanga ya maisha kama uzee na maradhi, na huduma ni shule, maji na zahanati. Mtu wa Mwankoko akielezwa hivyo huona mara moja kwamba sera hiyo yamhusu.

Kijana ni nani?

Swali la yule dada ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu katika lugha ya kila siku ujana ni hali, wala si hesabu. Katika sheria na mikataba ujana ni hesabu, na hesabu zenyewe hazilingani. Umoja wa Mataifa katika takwimu zake huhesabu miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika, uliopitishwa Banjul mwaka 2006, unasema 15 hadi 35, na Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 ilifuata hesabu hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaanzia 18, na mtu hutoka katika ujana afikapo 35. Nchini Uganda, sheria ya Baraza la Taifa la Vijana inaishia 30.

Hitilafu hii haipo Afrika peke yake. Jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia iliundwa Bangkok tarehe 8 Agosti, 1967, mwaka uleule wa Jumuiya yetu ya kwanza, nayo yaendelea hadi leo. Huko Asia, Nepal yahesabu vijana hadi miaka 40, na India katika sera yake ya mwaka 2014 ilikomea 29. Mtu mmoja aweza kuwa kijana upande mmoja wa mpaka na mtu mzima upande wa pili.

Nyumbani kwetu jambo hili lina uzito wa fedha. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Hapo neno kijana lafungua mlango au laufunga. Kwa hiyo hatupendekezi neno jingine. Twasema tu kwamba kila waraka utakaotumia neno kijana utaje umri katika ukurasa wake wa kwanza.

Mapendekezo

Tungependa Kamati ya Istilahi iyafikirie haya. Ushiriki litumike pale vijana wenyewe wanapotenda na kuamua. Ushirikishwaji litumike pale tu mwenye kushirikisha anapotajwa pamoja na hatua yenyewe. Ushirikiano libaki kwa pande zinazotendeana. Sera ya jamii ichukue nafasi ya sera za kijamii, na kanda isiachwe bila jina.

Kwa kufuata hayo, sentensi ile ya kijitabu ingesomeka hivi: “Vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 35 washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya ushirikiano wa nchi za Afrika Mashariki na ya sera ya jamii.” Ni ndefu zaidi, lakini mtu akiisikia ajua anadai nini na kwa nani.

Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi za Jumuiya waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Heshima hiyo ni mzigo pia. Neno litakalokosewa Dodoma au Zanzibar litasomwa Bujumbura na Goma likiwa na kosa lilelile. Twawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya maneno haya, hasa kutoka vijijini yanakotumika. Swali la Mwankoko lilitufunza zaidi ya majalada yetu, na mzee yule bado anangoja jibu.