Aliyefungua Mlango Alikuwa wa Nyumbani

Ndugu msomaji, kila usiku unafunga mlango wa nyumba yako. Unatia komeo, unaegemeza gogo, kisha unawaombea wote waliolala ndani. Unamfungia nani nje? Mwizi, fisi, na mtu usiyemjua. Ni vema. Lakini leo twataka kusema juu ya hatari isiyozuiliwa na komeo, maana hulala ndani pamoja na watu na kula nao katika sinia moja.

Twasema habari za watoto na watu wazima wenye ulemavu, hasa wenye ualbino, waliouawa au kukatwa viungo, na katika shauri hilo akatajwa baba, mume, au ndugu wa tumbo moja. Ni habari chungu. Huenda wewe mama utasita kuisoma kwa sauti mbele ya watoto. Hata hivyo twaomba ifike katika kila nyumba, kwa kuwa ubaya huu huanzia nyumbani, na nyumbani ndiko unakoweza kuzuiwa.

MAMBO YALIYOTOKEA

Mkoa wa Songwe ulianza mwaka 2016, ulipogawanywa kutoka Mbeya. Lakini watu wazima wa Mbozi na Tunduma hawajasahau hofu iliyoingia huku kuanzia mwaka 1999, siku za habari za kuchuna ngozi. Watu waliuawa, na ikasemwa kwamba ngozi zao zinavushwa mpaka na kuuzwa nchi za jirani. Tunduma ni mlango wa nchi. Reli ya TAZARA inapita pale, malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde upande wa Zambia, na wafanyabiashara wa mataifa mengi wanalala katika nyumba zake za wageni. Mji wa namna hiyo huleta riziki. Huleta pia uvumi: ati ng'ambo yuko tajiri anayenunua hiki na kile. Uvumi huo hupanda basi ukafika kijijini, ukaingia katika kilabu cha pombe, na mwisho ukaingia nyumbani.

Hebu tutazame mambo machache yaliyotokea kweli.

Mwaka 2008, huko Geita, mwanamke mmoja mwenye ualbino aliuawa. Machi 2015 Mahakama Kuu huko Mwanza iliwahukumu watu wanne adhabu ya kifo. Mmoja wao alikuwa mume wa marehemu.

Mwezi huohuo wa Machi 2015, katika bonde la Ziwa Rukwa, mkoa jirani na huu wetu, mtoto wa miaka 6 alikatwa mkono usiku. Mama yake aliumizwa akimtetea. Mtoto aliokoka. Polisi walipokamata watu, baba wa mtoto alikuwa miongoni mwao.

Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Huko, tangu mwisho wa mwaka 2014, watu wenye ualbino zaidi ya 20 wameuawa. Mwaka 2018 kijana mmoja wa miaka 22 alishawishiwa kutoka kwao, akaambiwa amepatiwa mchumba. Alikwenda kwa furaha, asirudi tena. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Malawi ilitoa hukumu. Kaka yake mwenyewe alipata kifungo cha maisha. Na hatutaficha jambo hili: padre mmoja wa Kanisa Katoliki alifungwa miaka 30 kwa kufanya biashara ya viungo vya mwili wa binadamu.

Tarehe 30 Mei 2024, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa nyumbani kwao. Mwili wake ulipatikana tarehe 17 Juni, umekatwa viungo. Mwezi huo watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba, baba mzazi na padre mmoja wakiwa miongoni mwao. Kushtakiwa si kuhukumiwa, na hatuna haki ya kumhukumu mtu mahali pa mahakama. Lakini nani aliyesikia habari zile asijiulize: je, mtoto huyu alikuwa salama kwa nani?

Kwa jumla, tangu mwaka 2000 hadi 2015, watu wenye ualbino zaidi ya 70 waliuawa katika Tanzania, mbali na wale waliobaki hai bila mkono au mguu.

NDUGU WALIOMWUZA NDUGU YAO

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maandiko Matakatifu nayo yanatuonyesha. Kaini hakumwua mgeni, alimwua nduguye. Na Yusufu, je? Hakuuzwa na maadui. Ndugu zake wenyewe waliona wafanyabiashara wakipita na ngamia zao, wakafanya bei. Kisha wakampelekea baba kanzu yenye damu, wakataka kumfariji kana kwamba hawajui neno.

Tazama, habari ile na hizi za siku zetu zafanana sana. Yuko ndugu mwenye kijicho au tamaa, yuko mpita njia mwenye fedha, na liko neno la uongo la kumfariji mama. Mgeni peke yake hajui mtoto analala chumba gani, wala mbwa amefungwa wapi, wala baba atasafiri lini. Lazima apate mtu wa kumwambia. Kwa hiyo, usiulize tu ni nani aliyeshika panga. Uliza pia ni nani aliyefungua mlango.

UBAYA HUANZA KWA MANENO

Mtu hamchukii mwanawe siku moja. Ubaya huu una ngazi zake, nasi tunaweza kuuona unapopanda.

Kwanza ni jina. Mtoto amezaliwa, ana ngozi nyeupe na nywele za manjano. Badala ya kumwita kwa jina lake la Ubatizo, watu wanasema "zeruzeru", au "mkosi", au "dili". Kuna na uongo mkubwa kwamba watu wa namna hii hawafi, bali hutoweka tu. Je, si rahisi kumwua yule ambaye umekwisha kusema kwamba si mtu?

Pili ni lawama. Baba anamwambia mama, "Mtoto huyu si wangu." Wakwe wanasema ametembea na mzungu, au amelaaniwa. Mama anafukuzwa, au baba anahama. Mtoto anabaki bila mlinzi.

Tatu ni ramli. Nyumba imepata shida: ng'ombe wamekufa, kahawa imeshuka bei, biashara ya mpakani imeanguka. Mtu anakwenda kwa mpiga ramli. Huko anaambiwa kwamba bahati yake imefichwa katika mwili wa mtu fulani. Ndipo anarudi nyumbani akimtazama mtoto kwa macho mengine.

Je, ualbino ni nini hasa? Si laana, wala si matokeo ya uzinzi. Katika mwili wa kila mtu kuna mbegu za urithi kutoka kwa baba na kwa mama. Mbegu moja hutoa rangi ya ngozi, nywele na macho. Mtoto mwenye ualbino amerithi kasoro ya mbegu hiyo kutoka pande zote mbili. Baba anayo, ingawa ni mweusi kabisa. Na mama anayo. Wazazi wa namna hiyo, kila wapatapo mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo baba amtazamaye mtoto huyo na kusema "si wangu" anasahau kwamba mtoto amepokea kutoka kwake nusu kamili ya sababu. Katika Tanzania hukadiriwa kwamba mtoto 1 kati ya 1,400 huzaliwa hivi. Wako Mbozi, wako Momba, wako Ileje. Ni watu, na akili zao ni timamu. Macho yao huona kwa shida, na ngozi yao huungua kwa jua na kushikwa na kansa upesi. Adui wao wa kweli ni jua, nasi tumewaongezea adui wa pili.

Na hiyo bahati, je, ipo? Bei zinazotajwa katika vilabu hatutaziandika, maana kuzitaja ni kuzitangaza. Twasema hivi tu: tazama mwisho wa wale walioziamini. Wamekamatwa na damu mikononi, wamesimama kizimbani, wamehukumiwa kifo au kifungo cha maisha. Mganga anakula ada yake mapema, na anayefungwa ni wewe.

WENGINE HUUAWA KIMYA

Msomaji, usiseme, "Kwetu hakuna mwenye ualbino, habari hii hainihusu." Yuko mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hawezi kushika kijiko. Yuko mwenye kifafa anayeanguka motoni. Yuko bibi kipofu aliyefungiwa chumba cha nyuma. Hao hawakatwi panga. Wanaachwa. Uji unachelewa, kisha hauji. Homa inapanda, na watu wanasema, "Mwacheni apumzike." Mwisho anakufa, na jirani wanasema Mungu amempenda. Amri ya Tano haitaji panga. Kumnyima mtu chakula na dawa ili afe ni kumwua.

Tunajua kwamba mama wa mtoto wa namna hiyo huchoka. Hubeba mtoto wa miaka kumi mgongoni, halali usiku, haendi shamba, na mumewe huenda amekimbia. Mtu aliyechoka hivi, asiyesaidiwa na mtu, anaweza kupatwa na mawazo ambayo yeye mwenyewe anayaogopa. Je, dawa yake ni kumsengenya? Mpelekeeni kuni na maji. Mshikieni mtoto nusu siku apate kulima na kulala. Jumuiya inayofanya hivi imelinda uhai wa watu wawili.

SERIKALI NA SISI

Serikali haikukaa kimya. Januari 2015 ilipiga marufuku wapiga ramli. Watoto wengi walikusanywa katika shule kama Buhangija mkoani Shinyanga na Kabanga mkoani Kigoma ili walindwe. Waliokoka, lakini baadhi yao hawakuonana na wazazi tena. Kulindwa kwa kutengwa na mama ni nusu ya ulinzi. Mwaka 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba Tanzania haikutimiza wajibu wake wote wa kuwalinda watu hawa. Lakini hata Serikali ikitimiza yote, haiwezi kuweka askari katika kila chumba cha kulala. Katika chumba kile tupo sisi.

Basi, yatupasa kufanya nini?

1. Mwite mtoto kwa jina lake, nawe umkataze mwingine kumwita vinginevyo, hata kwa mzaha. Mpeleke kanisani na shuleni, akae mbele aone ubao. Anayejulikana na kijiji kizima si rahisi kutoweka.

2. Mkinge na jua kwa kofia pana na mikono mirefu. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta maalum ya kukinga ngozi yao. Uliza zahanati au chama cha watu wenye ualbino namna ya kuyapata.

3. Ukisikia ndugu anauliza-uliza habari za mtoto, au anataka kusafiri naye ghafula bila sababu, au mgeni wa mpakani anataja bei, usingoje hakika. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mtu mwenye habari ya mtoto kudhulumiwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Mwone mtendaji, au polisi kata, au dawati la jinsia na watoto kituoni. Simu ya watoto, namba 116, haina malipo.

4. Kama mkosaji ni wa familia, usimalize shauri kwa kikao cha ukoo na mbuzi wa faini. Wala kama ni mtu wa Kanisa, awe katekista au padre, usimfiche kwa kuogopa aibu. Aibu ya Kanisa ni damu, si kesi.

5. Msimchome mtu moto. Ajuza mwenye macho mekundu si mchawi. Macho yake yameharibiwa na moshi wa jikoni. Mtuhumiwa apelekwe polisi akiwa hai, ili aseme ni nani aliyemtuma.

Kwa mama na baba mnaomlea mtoto mwenye ulemavu kwa upendo, twasema asante. Ninyi ni wengi kuliko wauaji, ingawa habari zenu haziandikwi. Na kwako wewe ambaye huenda umesikia neno la kunong'onezwa juma hili, ukalinyamazia kwa sababu aliyelisema ni shemeji yako, au kaka yako, twasema hivi: mtoto anayesemwa hajui neno hilo. Jioni atakula, atalala, atafunga macho akiamini kwamba kila aliyemo ndani ya nyumba ni wake. Wewe peke yako unajua. Usilale kabla hujamwona mtendaji.