Nani Aitwe Mama? Maneno ya Ukoo katika Filamu ya Wezi wa Madukani

Mwaka 2018, filamu ya Kijapani Manbiki Kazoku, ya Kore-eda Hirokazu, ilipata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes. Huku kwetu wengi tumeijua kwa jina la Kifaransa, Une affaire de famille. Jina hilo linataja familia na kuuficha wizi. Jina la Kiingereza, Shoplifters, linataja wezi na kuiacha familia. Kijapani kimeyaweka yote mawili pamoja: manbiki ni kuiba vitu dukani, na kazoku ni familia, au jamaa kama tunavyosema nyumbani. Makala hii inaeleza jinsi maneno hayo yanavyokutana, na kwa nini filamu ya wizi inaishia kuwa filamu kuhusu neno moja: mama.

Kisa ni hiki. Katika nyumba ndogo mjini Tokyo wanaishi Osamu, kibarua wa ujenzi. Nobuyo, anayekaa naye kama mke na kufanya kazi ya kufua nguo. Bibi Hatsue mwenye pensheni. Msichana Aki na mvulana Shota. Mapato hayatoshi. Basi Osamu na Shota huingia dukani, hupeana ishara za vidole, wakatoka na chakula bila kulipa. Usiku mmoja wa baridi, wakirudi nyumbani, wanamkuta mtoto wa kike ameachwa peke yake kwenye roshani. Wanamchukua, wanamlisha, wanaona makovu mwilini mwake. Wanapotaka kumrudisha, wanasikia wazazi wake wakigombana, na mama akisema hakutaka kumzaa. Mtoto anabaki. Baada ya muda naye anajifunza kuiba. Polepole tunagundua kwamba watu hao sita hawana undugu wa damu.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, tuangalie mfumo wa Kijapani. Kwanza, lugha hiyo hutofautisha neno la kumtaja mzazi wako mbele ya watu wa nje na neno la kumwita. Ukimtaja mama yako kwa mgeni utasema haha. Ukimwita mwenyewe utasema okāsan. Pili, mkubwa huitwa kwa neno la ukoo, kama sisi tunavyomwita mtu yaya, lakini mdogo huitwa kwa jina lake. Neno imōto, yaani mdogo wa kike, ni la kumtaja tu.

Kwa hiyo nafasi ya mtoto aliye mdogo kuliko wote inakaa ndani ya jina lake. Msichana wetu ana majina matatu. Kwa wazazi wake ni Juri. Wale waliomwokota walisikia Yuri. Televisheni ilipotangaza kwamba amepotea, walimkata nywele, wakachoma nguo zake, wakamwita Rin. Jina hilo la tatu ni la kumficha, lakini ndilo alilopewa na watu wanaomtaka.

Sasa turudi kwenye wizi. Mzee mwenye duka dogo la mtaani anawaona Shota na msichana wakiiba. Hapigi kelele. Anawapa peremende, kisha anamwambia Shota asimfanyishe mdogo wake kazi ile. Mzee hajui lolote kuhusu damu yao. Anasema imōto, na kwa neno hilo anampa mvulana wajibu. Siku nyingine, katika duka kubwa, msichana anaanza kuiba mwenyewe. Ili wafanyakazi wasimwone, Shota ananyakua mfuko wa machungwa, anakimbia, anaruka kutoka barabara ya juu na kuvunjika mguu. Ndipo polisi wanapoijua nyumba ile. Neno la mzee limeivunja familia kwa sababu Shota aliliamini.

Kituoni, Nobuyo anauliza kama kuzaa kunatosha kumfanya mtu awe mama. Afisa anamjibu kwamba asiyezaa hawezi kuwa mama. Kisha anamuuliza: watoto wale walikuwa wanakuitaje? Nobuyo anapangusa machozi muda mrefu, na jibu halitoki.

Msemaji wa Kiswahili anaelewa swali hilo mara moja. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake: Mama Furaha, Mama Neema. Nobuyo hakuwahi kuwa Mama Shota. Mimi nililelewa na mama mukubwa, na sijawahi kulitamka hilo "mukubwa" mbele yake. Namwita mama, basi. Siku ya kuniandikisha shuleni karani aliuliza, "Huyu ni wako?" Akajibu, "Ni wangu." Lakini fomu ilitaka jina la mzazi. Akaandika jina la marehemu mdogo wake, na tuliporudi alikaa kimya njia nzima.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Lakini filamu haiwasafishi walezi hawa. Hatsue alipofariki walimzika chini ya nyumba na kuendelea kula pesa zake. Shota hakupelekwa shule. Osamu mwenyewe anakiri kwamba hakuwa na kitu kingine cha kuwafundisha watoto isipokuwa kuiba. Mara nyingi alimwomba Shota amwite baba, na mvulana alikataa. Mwishoni anamwambia kwamba atarudi kuwa ojisan, neno la mjomba ambalo huitwa pia mwanaume yeyote wa makamo. Basi linaondoka, Osamu analikimbilia, na ndani yake Shota anatamka "baba" kwa sauti ambayo Osamu hawezi kuisikia.

Hapo ndipo somo la isimu lilipo. Neno la ukoo linahitaji watu wawili, anayeita na anayeitika. Cheti kinaweza kuonyesha nani amezaa; hakiwezi kumlazimisha mtu kuita wala kuitika. Osamu ameitwa lakini hakusikia. Msichana naye amerudishwa kwa mama yake mzazi, amerudishiwa jina la Juri, na tunamwacha peke yake tena kwenye roshani, akichungulia nje.