Anguko la Paka na Majeraha Yasiyoonekana

Katika mji wa Ukunda, ambako nyumba za ghorofa zinaota kando ya mapaa ya makuti na miembe ya zamani, paka hapungukiwi na mahali pa kupanda wala pa kuangukia, iwe ni ukingo wa roshani anakopunga upepo wa kusi au boriti anakomvizia panya. Imani kwamba paka ana roho saba huwafanya wengi wamwache aliyeanguka ajiuguze mwenyewe, hasa akiinuka papo hapo na kukimbilia mvunguni, ilhali kujificha huko mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya maumivu.

Imani hiyo haikuzuka bure. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalotunza mizani ya mwili, humjulisha paka upande wa chini ulipo, naye hugeuza kwanza sehemu ya mbele kisha ya nyuma, jambo ambalo Mfaransa Étienne-Jules Marey alilionyesha kwa picha za mfululizo mwaka 1894. Hata hivyo, kutua kwa miguu si kutua salama, kwa kuwa miguu ikishindwa kulihimili pigo, kifua na kidevu hugonga ardhi, na ndiyo maana madaktari huzoea kukuta kaakaa lililopasuka, damu puani na kifua kilichoumia kwa mnyama mmoja. Mwaka 1987, madaktari Whitney na Mehlhaff wa New York walichapisha uchunguzi wa paka 132 walioanguka kutoka majumba marefu, ambapo asilimia 90 ya waliotibiwa walinusurika. Takwimu hiyo hunukuliwa kana kwamba inathibitisha zile roho saba, ingawa waliofia chini ya jengo hawakufikishwa kwa daktari, na zaidi ya thuluthi moja ya waliofikishwa walihitaji matibabu ya dharura ndipo waishi.

Kwa hiyo macho yaanzie kifuani, si kwenye mguu unaochechemea. Pafu likitoboka, hewa huvujia katika nafasi inayolizunguka na kulibana lisitanuke. Paka aliyetulia hupumua takriban mara 20 hadi 30 kwa dakika, na akihema kinywa wazi ni hatari, kwani yeye hana desturi ya kuhema kama mbwa, na joto la Pwani lisichukuliwe kuwa kisingizio. Ufizi nao hueleza mengi: ukibonyezwa kwa kidole, rangi yake ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili, na ukibaki mweupe huenda mnyama yumo katika mshtuko, yaani damu haivifikii viungo vyake kwa kiasi cha kutosha.

Mnyama mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda, hivyo afunikwe kwa leso au taulo, asogezwe taratibu juu ya ubao au sinia pana mwili ukiwa umenyooka, kisha awekwe katika katoni yenye matundu. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi, lakini mfupa usivutwe, usifungwe vijiti wala kukandwa kwa maji moto. Asipewe chakula wala maziwa, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni.

Hakuna huruma inayoua kama ya kidonge cha Panadol. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya, yaani kichocheo cha mwili, kinachoivunja dawa hiyo, na sumu inayobaki huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni, ufizi ukageuka wa kahawia na uso ukavimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua, na kukigawa vipande si kinga. Ibuprofeni na diklofenaki nazo hudhuru tumbo na figo zake.

Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya mwaka 2011, daktari wa wanyama sharti awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na muuzaji wa duka la agroveti si lazima awe daktari. Ni vyema kupiga simu kabla ya kutoka, kuuliza kama kuna mashine ya eksirei, kwa sababu safari ya kwenda Mombasa, pamoja na kungoja feri Likoni, haifai kuanzwa kwa kubahatisha.

Si paka tu anayeanguka, na sungura ni dhaifu zaidi yake. Misuli ya miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko uti wake mwepesi, na kuponyoka tu mikononi mwa mtoto kwaweza kuuvunja mgongo. Mtoto wa mbega aliyeanguka mtini Diani si wa kufugwa kamwe: taarifa ipelekwe kwa Colobus Conservation, shirika lililoanzishwa huko mwaka 1997, au kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Paka anayeonekana mzima naye afungiwe ndani na kuangaliwa kwa siku mbili, kwa kuwa kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, chaweza kuwa kimechanika bila dalili ya haraka, na kibofu kilichopasuka humwaga mkojo tumboni kimyakimya. Asiyekojoa siku nzima apelekwe kwa daktari, hata kama anakula.