Matunzo ya Mtoto, na Ya Kutolea

Wazazi wakishaachana, swali la kwanza ni mtoto atakaa kwa nani. La pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, ni nani atalipa nini. Tanzania ina njia tatu za kuyajibu, na bei zake hazifanani hata kidogo.

Kuna kikao cha familia. Gharama yake ni nauli za wajomba na mashangazi, kreti ya soda, pengine na pilau. Baba anaahidi laki na nusu kila mwezi, watu wanaagana kwa amani. Miezi miwili hela inaingia. Wa tatu inakuja nusu, wa nne simu haipokelewi, na mama hana hata kipande cha karatasi. Njia hii inawafaa wanaosikilizana bado, na hao kusema kweli hawakuhitaji kikao.

Kuna ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Kupeleka shauri hapo hakulipiwi. Afisa anamwandikia mzazi mwenzako wito, anawasikiliza wote wawili, kisha makubaliano yanaandikwa na kusainiwa. Unachopoteza ni siku za kazi, na kwa mama lishe au bodaboda siku moja ni hela ya chakula cha nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba aliyeitwa akigoma kuja, afisa hana pingu. Hata hivyo, kwa wengi ningeanzia hapa, kwa sababu maandishi ya ofisini humtuliza hata mbishi.

Kisha kuna mahakama. Ndiyo njia ndefu, lakini ndiyo pekee inayotoa amri inayoweza kukaziwa. Kama mwenzako ameshakuruka mara mbili, usimalize mwaka mwingine kwenye vikao. Si lazima uwe na wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia bure wasio na uwezo, na vyama kama TAWLA, cha wanasheria wanawake, vimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ukiamua kuweka wakili, muulize mapema kama ada yake ni ya shauri zima au ya kila anapokwenda mahakamani. Tofauti hiyo inaweza kuwa bei ya kiwanja.

Zamani sheria iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa. Sheria ya Mtoto ya 2009 ilifuta kichekesho hicho. Sasa mahakama inatazama kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo nenda na hesabu ya mwezi mzima kwenye daftari. Kusema tu “hatoi matumizi” hakumsaidii hakimu kupata kiwango.

Kosa jingine linalokula nauli za watu bure ni hili la miaka saba. Wengi huamini mtoto akitimiza saba, baba anakuja na begi kumchukua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba aliye chini ya saba anafaa kuwa na mama, dhana ambayo ushahidi unaweza kuipindua. Haikusema kwamba baada ya hapo anahama moja kwa moja, na yenyewe inatahadharisha dhidi ya kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha.

Ndiyo maana siupendi sana mpango wa wiki kwa mama, wiki kwa baba, hasa kama ni Dar es Salaam, mmoja yuko Mbagala na mwingine Mbezi. Unanunua magodoro mawili, vyandarua viwili, sare mbili mbili, na wiki moja kati ya mbili mtoto anaamka saa kumi alfajiri kuwahi shule. Wanaoishi mtaa mmoja wanauweza. Wengine wachukue Jumamosi na likizo. Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, mradi masomo yasivurugike.

Na malipo? Gawanyeni vitu kabla ya kugawana hela. Shule za msingi za serikali hazina ada, ila sare, chakula, madaftari na nauli vipo palepale. Aliyekuwa shule ya kulipia, sheria inamtambulia haki ya elimu ya ubora uleule aliokuwa nao kabla wazazi hawajatengana. Ada hiyo ailipe mzazi moja kwa moja shuleni na atunze risiti. Ya chakula ipite kwenye simu, kwani ujumbe wa muamala haubishani na mtu.

Jirani yangu alitumiwa laki moja kamili kila mwezi kwa miaka miwili, akienda kwa wakala anakatwa makato ya kutoa, na mtumaji anaapa amelipa laki. Waliporudi kwa afisa ustawi, waliongeza mstari mmoja tu kwenye makubaliano: na ya kutolea.