Je, Wajua? Italia Maskini na Askari wa Machakos

Je, wajua kwamba Italia iliingia Vita Vikuu vya Pili bila makaa ya mawe wala mafuta ya kutosha, hazina yake ikiwa imekaushwa na vita vya Ethiopia na Uhispania? Mussolini, kiongozi wa Italia, alijitosa tarehe 10 Juni 1940 kwa sababu Ufaransa ilikuwa inaanguka. Aliamini vita vinakaribia kwisha, akataka kuwepo nyara zikigawanywa. Mwezi uliofuata majeshi yake yaliteka Moyale, mji ulio mpakani mwa Kenya na Ethiopia.

Tamaa hiyo iliwagharimu watu wasiohusika kabisa. Wilaya ya Machakos nchini Kenya ilitoa vijana wengi wa Keya, jeshi la kikoloni la Uingereza lililoitwa King's African Rifles, lililopigana kupitia Somalia hadi Ethiopia. Jeshi la mwisho la Waitalia huko lilisalimu amri mjini Gondar, Novemba 1941.