Vumbi la kiangazi linavyokula umeme wa jua Bahi, na namna ya kusafisha paneli bila kuvunjika mguu

Kiangazi kinapokolea wilayani Bahi, kuanzia Juni hadi Novemba, vumbi hutoka kila upande. Hutoka kwenye mashamba ya mtama na uwele yaliyokwisha kuvunwa, kwenye njia za mifugo, kwenye barabara za vijijini na kwenye mbuga iliyokauka. Upepo wa mchana hulibeba na kulitua popote, yakiwamo mapaa ambako wakulima na wafanyabiashara wadogo wamefunga paneli za umeme wa jua.

Bahi, iliyopata kuwa wilaya mwaka 2007 baada ya Wilaya ya Dodoma Vijijini kugawanywa, iko magharibi ya mji wa Dodoma, kandokando ya barabara ya Singida na Reli ya Kati. Jua halina uhaba. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, kisha anga huwa nyeupe kwa zaidi ya nusu mwaka. Hii ni neema kwa mwenye paneli, lakini ndiyo pia miezi ambayo hakuna mvua ya kuiosha.

Ingawa umeme wa gridi umesambazwa vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), wakazi wa vitongoji vingi bado hutegemea jua kwa taa, redio, kuchaji simu, mashine ya kunyolea na pampu ya kumwagilia bustani. Kwa watu hao, paneli chafu ni sawa na jembe butu. Kazi inafanyika, lakini pato linapungua kidogo kidogo bila mwenyewe kugundua.

Hasara kwa hesabu

Tuchukue mfano wa kibanda cha kuchaji simu chenye paneli moja ya wati 100. Ikipata jua kali kwa saa tano inaweza kutoa wati-saa 500. Baada ya kutoa upotevu wa joto, nyaya na betri, tuseme zinabaki 350. Kama simu moja, tukichanganya za kitochi na za kisasa, inatumia wastani wa wati-saa 10, hizo ni simu 35 kwa siku. Kwa bei ya Sh300 kila simu, mapato ni Sh10,500 kwa siku, au Sh315,000 kwa siku 30.

Sasa tuseme vumbi hujikusanya polepole mpaka likafikia kuzuia sehemu moja ya tano ya umeme kila baada ya siku 30. Mwenye kibanda anayeosha mara moja kwa mwezi anapoteza wastani wa asilimia 10, yaani Sh31,500. Anayeosha kila baada ya siku 15 anapoteza Sh15,750. Anayeosha kila wiki anapoteza kama Sh7,350. Asiyeosha kabisa, hata kama vumbi litakomea hapo kwenye sehemu moja ya tano, anapoteza Sh63,000 kila mwezi.

Hesabu hii inafundisha mambo mawili. Kwanza, kuosha kunalipa, kwa kuwa gharama yake ni ndoo ya maji na nusu saa ya kazi. Pili, kila safari ya ziada ya kupanda juu ya paa huleta faida ndogo kuliko ile iliyotangulia, wakati hatari ya kuanguka haipungui hata kidogo. Mkulima akivunjika nyonga mwezi Novemba, msimu wa kupanda unampita akiwa kitandani. Hakuna idadi ya simu itakayofidia hasara hiyo.

Zaidi ya hapo, wapo ambao hawaoni hasara kwa sababu wateja wao ni wachache kuliko uwezo wa paneli. Hawa hulipia kwenye betri. Betri ya maji au ya asidi isiyojazwa mpaka mwisho siku hadi siku hujenga ukoko wa salfeti kwenye bamba zake na kufa mapema. Mwenyewe hulalamika kwamba kauziwa betri mbovu, kumbe tatizo liko juu ya paa.

Kinyesi cha ndege ni kibaya kuliko vumbi

Vumbi jembamba huenea sawasawa na kupunguza nguvu ya paneli nzima. Kinyesi cha ndege, jani au tope la nyigu huziba sehemu moja tu, lakini madhara yake huweza kuwa makubwa zaidi. Paneli ya kawaida ya mfumo wa volti 12 ina seli 36 zilizoungwa kwa mfuatano, kama watu wanaopokezana ndoo. Mmoja akizembea, mstari mzima unachelewa. Seli iliyofunikwa haizalishi umeme, bali huanza kuula umeme wa wenzake na kupata joto kali mahali hapo, kiasi cha kuweza kuunguza paneli kwa ndani.

Saa ya kuosha

Wakati mzuri ni alfajiri mara kunapopambazuka, au jioni jua likishapoa. Saa sita mchana kioo cha paneli kinaweza kufikia nyuzijoto 60. Kukimwagia maji ya baridi ghafla ni sawa na kumwagia maji bilauri iliyotoka kwenye chai, kwani kinaweza kupasuka. Na kioo kikipasuka paneli haina ukarabati wa maana, kwa kuwa unyevu huingia ndani na kuozesha seli.

Wengine humwagia paneli maji mchana kwa makusudi, wakiona nguvu yake imepungua. Ni kweli kwamba joto hupunguza umeme. Kila nyuzijoto moja inayozidi 25 hupunguza karibu nusu asilimia. Hata hivyo, dawa yake ni kuacha nafasi ya kiganja kimoja kati ya paneli na bati ili upepo upite chini.

Zima kwanza

Paneli haina swichi ya kuzima jua. Maadamu kuna mwanga, nyaya zake zina umeme. Kabla ya kuosha, zima taa, inveta na vifaa vyote. Kisha tenga paneli na kontrola kwa swichi yake, au kwa kuchomoa nyaya za paneli kwenye kontrola, ukiacha zile za betri mahali pake. Ukimaliza, rudisha nyaya za paneli ndipo uwashe vifaa. Kutenga betri kwanza huku paneli ikiendelea kusukuma umeme kunaweza kuua kontrola.

Mfumo mdogo wa volti 12 hauna mshtuko mkubwa, lakini nyaya zake zikigusana huweza kutoa cheche na kuwasha moto. Mifumo ya pampu ni jambo jingine kabisa. Paneli 10 zilizoungwa kwa mfuatano huweza kufikisha volti 300 au zaidi, na umeme huo unaua. Mwenye pampu asichomoe viungio vya nyaya yeye mwenyewe. Na ikiwa kioo kimepasuka au waya umechubuka, asiguse wala asimwage maji mpaka fundi afike.

Hatua za kuosha

Ondoa vumbi kavu kwa brashi laini yenye mpini mrefu, bila kukandamiza. Vumbi la Bahi lina mchanga ndani yake. Ukilisugua kwa kitambaa kikavu, unakwaruza kioo.

Mwagia maji safi, kisha pangusa kwa sponji au kitambaa cha pamba kuanzia juu kwenda chini. Lita mbili au tatu zinatosha paneli moja ya wati 100. Kinyesi kilichokauka kifunike kwa kitambaa chenye maji kwa dakika 10, kitalainika chenyewe. Usikikwangue kwa kisu.

Maji ya visima vingi vya eneo hili yana chumvi. Yakikaukia juu ya kioo huacha ukungu mweupe ambao nao huzuia mwanga. Yafaa kutumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa. Kama hayapo, maji ya kisima yatumike, lakini kioo kikaushwe papo hapo kwa kitambaa au mpira wa kukaushia vioo. Ukungu uliokwisha kushika hutoka kwa limau au siki iliyochanganywa na maji, kisha suuza.

Usitumie majivu, mchanga, sabuni ya unga, mafuta ya taa wala waya wa kusugulia sufuria. Sabuni huacha utando unaonasa vumbi jipya, na vitu vya kukwaruza huharibu kioo moja kwa moja.

Juu ya bati na juu ya tembe

Bati lililolowa huteleza kama sabuni. Anayelazimika kupanda avue kandambili, akanyage penye misumari tu, maana hapo ndipo zilipo papi, na asikanyage paneli hata mara moja. Ngazi iwe na mtu wa kuishika. Kwa kila mita nne za urefu, mguu wa ngazi ukae mita moja kutoka ukutani, na ncha yake ipite ukingo wa paa kwa karibu mita moja. Watoto wasitumwe kazi hii kwa kuwa ni wepesi wa kupanda. Upepo ukivuma au wingu la radi likitanda, kazi iahirishwe.

Kwa wenye nyumba za tembe, hatari iko ndani ya paa. Miti inayobeba udongo huliwa na mchwa pasipo kuonekana, na paa huweza kuachia likibeba mtu mzima. Isitoshe, paneli nyingi hulazwa tu juu ya udongo, mahali ambapo kuku hupita na vumbi halitelezi.

Njia bora kwa wote wawili ni mlingoti. Paneli ikifungwa kwenye nguzo imara uani, juu kidogo ya urefu wa mtu, inaoshwa kutoka chini kwa brashi yenye mpini. Kwa kuwa Bahi iko kusini ya ikweta, paneli iangalie kaskazini na iinamishwe nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo hutosha mvua za kwanza kuiosha zenyewe. Nguzo ifungwe kwa kufuli au boliti zisizofunguka kirahisi, na izungushiwe miiba ili mbuzi wasiikwaruze.

Daftari ndilo shahidi

Mara ngapi kwa mwezi? Jibu hutofautiana kati ya aliye kando ya barabara ya vumbi na aliye katikati ya miti. Andika kwenye daftari saa ambayo taa ya kontrola inaonyesha betri imejaa, kwa siku tatu kabla ya kuosha na siku tatu baada, ukichagua siku zenye jua na matumizi yanayolingana. Betri ikijaa saa moja mapema, vumbi lilikuwa limekula umeme wako. Ikiwa hakuna tofauti, uliosha mapema mno, ngoja wiki nyingine kabla ya kusimamisha ngazi tena.